Bei ya nyama yapaa, wateja hawaihami

Na Mwandishi Wetu wa Masoko

SOMO la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa biashara ni kwamba bei ya bidhaa ikipanda, mnunuzi hutafuta bidhaa mbadala. Nauli ya teksi ikimshinda hupanda daladala. Mchele wa Kyela ukiwa ghali hununua wa bei ya chini na kuchagua mawe mwenyewe. Kwa kanuni hiyo, mabucha mengi ya Dar es Salaam yangetakiwa kuwa yamekwisha fungwa, maana kilo ya nyama ya ng'ombe miaka ya karibuni imevuka shilingi 10,000 sehemu nyingi za jiji, na mlango wa pili kutoka bucha hilo hilo yupo mwenye duka la nafaka anayeuza maharage kwa theluthi ya bei hiyo au pungufu.

Mabucha hayajafungwa. Kila mtaa mpya unaoanza huko pembezoni mwa jiji hupata kwanza duka la vocha, kisha genge la nyanya, na haupiti muda kinatundikwa paja la ng'ombe kwenye kibanda chenye wavu.

Kwa karatasi na kalamu nyama haina utetezi. Tuchukue mfano wa nyama ya mchanganyiko kwa sh. 10,000 kilo na maharage kwa sh. 3,000. Nyama isiyo na mfupa ina kiasi cha gramu 20 za protini katika kila gramu 100. Ukitoa mfupa, ambao muuzaji huupima pamoja na mnofu bila haya, kilo moja inakuachia labda gramu 150. Maharage makavu yana gramu 21 hadi 23 katika kila gramu 100, kwa hiyo kilo inazidi gramu 200. Ina maana gramu moja ya protini ya nyama inamgharimu mnunuzi kama sh. 67, na ya maharage sh. 14. Tofauti ya karibu mara tano. Meneja yeyote wa ununuzi akiona tofauti hiyo kati ya wauzaji wawili wa malighafi, anabadilisha muuzaji siku hiyo hiyo.

Wala jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Marekani, ambako nyama imepigiwa kelele kwa sababu za afya, za huruma kwa wanyama na za hali ya hewa, kampuni ya kura ya maoni ya Gallup ilipouliza mwaka 1999 ilikuta asilimia 6 ya watu wakisema hawali nyama. Ilipouliza tena mwaka 2023 walikuwa asilimia 4. Hata fedha za soko la hisa zilijaribu. Kampuni ya Beyond Meat, inayotengeneza kitu mfano wa nyama kutokana na mimea, iliuza hisa zake kwa umma Mei 2019 kwa dola 25 kila moja. Julai mwaka huo hisa ilipita dola 230. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa chini ya dola 5. Walionunua kileleni wanaifahamu vizuri nguvu ya mazoea ya mlaji.

Swali la ukurasa huu basi ni la soko. Kwa nini bidhaa ghali, inayooza kwa siku moja, yenye mbadala wa bei nafuu jirani yake, haipotezi wateja?

MBOGA MAANA YAKE NINI

Jibu linaanzia kwenye lugha. Mzungu asiyekula nyama anajiita kwa jina linalotokana na mboga. Jaribu kumweleza hivyo mama wa Tandale. Ukimwambia wewe ni mtu wa kula mboga tu, atakuuliza mboga gani, kwa sababu kwake nyama nayo ni mboga. "Leo mboga nini?" ni swali ambalo jibu lake laweza kuwa mchicha, dagaa, bamia, kuku au utumbo. Mtoto wa familia yenye uwezo tunamwita mtoto wa mboga saba, na hatumaanishi kuwa anakula majani ya aina saba.

Hili si jambo la kuchekesha tu. Linaonyesha nyama inasimama wapi katika sahani yetu. Chakula ni ugali, wali au ndizi. Nyama ni kitoweo, kitu cha kushushia tonge. Huko Ulaya na Marekani nyama ndiyo mlo, na viazi ni vya kusindikiza. Kwa hiyo anayemshauri Mmarekani apunguze nyama anamwondolea katikati ya sahani. Anayemshauri mkazi wa Mbagala anamwondolea mchuzi, na vipande viwili vilivyomo.

Takwimu zinazotajwa na wizara inayohusika na mifugo zimekuwa zikiweka ulaji wa nyama nchini kwenye kilo 15 kwa mtu kwa mwaka. Wastani wa dunia umezidi kilo 40, na Mmarekani hupita kilo 100. Hotuba zetu hupenda kuweka pembeni kilo 50 zinazosemwa kuwa ndicho kiwango kinachopendekezwa, kana kwamba kuna mtu anayetudai tofauti hiyo. Mwandishi wa ukurasa huu haoni haja ya deni hilo. Lakini kilo 15 zinaeleza jambo moja wazi: Mtanzania wa kawaida, siku nyingi za wiki, hali nyama. Hana jina la kujiita kwa sababu hajaamua. Mfuko ndio umeamua.

HESABU YA SUFURIA

Kosa la hesabu yetu ya protini hapo juu ni kipimo. Tumelinganisha kilo kwa kilo, na hakuna anayepika kilo. Kipimo cha nyumba ni sufuria moja ya jioni kwa watu watano.

Turudie kwa mfano. Mama ananunua robo kilo ya nyama kwa sh. 2,500. Anaongeza nyanya, kitunguu na mafuta kidogo, anachemsha kisha anaunga, na mkaa wa sh. 500 unatosha. Jumla ya kitoweo bila viungo ni sh. 3,000. Siku ya pili ananunua nusu kilo ya maharage kwa sh. 1,500. Nyanya, kitunguu na mafuta ni vile vile, na akitaka yalike vizuri ataongeza nazi. Lakini maharage makavu yanakaa jikoni saa mbili au zaidi, hasa kama hayakulowekwa usiku au ni ya msimu uliopita. Mkaa wa sh. 1,000 unakwenda. Jumla sh. 2,500, na nazi hatujaihesabu.

Ile tofauti ya mara tano imekuwa sh. 500. Akiweka nazi, imekwisha.

Hapo ndipo wataalamu wanaoshangaa kwa nini maskini hali maharage kila siku wanapokosea. Maharage yana bei mbili, ya dukani na ya jikoni. Wanaotumia mtungi wa gesi wa kilo sita wanaijua bei ya pili vizuri zaidi, na ndiyo maana nyumba nyingi zenye gesi bado zina jiko la mkaa uani kwa ajili ya maharage, makande na kwato. Mama anayerudi kutoka kibaruani saa moja usiku hana saa mbili za kungoja. Dagaa na mchicha huiva upesi. Maini ni dakika chache tu. Nyama ya zebu wetu ni ngumu, lakini ikikatwa vipande vidogo haifiki ubishi wa maharage ya zamani.

Bucha nalo limejua kumfuata mteja huyu. Duka la kisasa la katikati ya jiji linauza steki iliyofungwa kwenye sahani ya plastiki na bei imebandikwa, uichukue au uiache. Bucha la mtaani linauza kwa fedha ya mteja. Anafika mtu na kusema, "Nipe ya elfu mbili," na anakatiwa. Ya elfu moja pia ipo, ingawa muuzaji atakuna kichwa kwanza. Anayeshindwa hapo ana utumbo, ana kichwa, ana makongoro. Asubuhi ana supu, ambayo ukweli wake ni maji yaliyopita kwenye mfupa, yakatiwa ndimu na pilipili na kuuzwa pamoja na chapati. Jioni ana mshikaki mmoja kwenye jiko la pembeni mwa barabara. Sijui bidhaa nyingine ya chakula ambayo imekatwakatwa kufuata mfuko wa kila mtu kiasi hicho. Maharage yana kilo, nusu na robo, basi.

Angalia na meza ya mama ntilie. Wali maharage ni bei ya chini, wali nyama ni ya juu yake. Katika sahani ya nyama kuna vipande viwili au vitatu, mchuzi mwingi, na mara nyingi kijiko cha maharage yale yale pembeni. Tofauti ya bei ya sahani hizo mbili, ukiigawa kwa vipande, humpa mama ntilie faida nzuri kuliko anayoipata kwenye maharage. Kwa hiyo naye hana sababu ya kumshauri mteja ahame. Mlolongo mzima wa biashara, kuanzia mnada wa Pugu hadi jiko la mama ntilie, unaishi kwa kipande.

MIEZI AMBAYO WATU WALIACHA

Nchi hii iliwahi kufanya jaribio la kuacha nyama, ingawa hakuna aliyelipanga. Mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006, ugonjwa wa homa ya bonde la ufa ulivuka kutoka Kenya, ukaingia kwa mifugo na kwa watu. Zaidi ya watu 100 walifariki nchini kabla ya katikati ya mwaka, na Dodoma ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi. Usafirishaji wa mifugo ulizuiwa katika maeneo yaliyoathirika, minada ikafungwa, na walaji wakaikimbia nyama nyekundu.

Kwa mwanafunzi wa masoko miezi ile ina mafunzo kuliko kitabu. Wateja walihama kweli. Lakini walihamia wapi? Samaki na kuku walipanda bei, na wauza mayai walifurahi. Waliokuwa na fedha ya nyama walikwenda kwenye nyama nyingine. Maharage yalipata waliokuwa tayari mteja wake, yaani wale ambao samaki na kuku wamewapita juu ya kichwa. Ugonjwa ulipodhibitiwa na minada kufunguliwa, foleni ya buchani ilirudi bila mtu kuiita.

Waingereza walipita njia hiyo hiyo miaka kumi na moja kabla. Machi 20, 1996 serikali yao ilikiri kuwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe huenda ndio uliosababisha ugonjwa mpya wa ubongo kwa binadamu, na kabla ya mwezi kwisha Umoja wa Ulaya ulikuwa umepiga marufuku nyama yao ya ng'ombe. Mauzo yaliporomoka. Wengi walinunua kuku, nguruwe na kondoo. Wachache walinunua dengu. Baada ya miaka michache ng'ombe alirudi mezani.

Hofu ya kifo, basi, ilitosha kumtoa mlaji kwenye nyama moja. Haikutosha kumtoa kwenye nyama.

NG'OMBE ANAPOKUWA BENKI

Upande wa ugavi nao una tabia yake, na wafanyabiashara wapya wanaoingia katika ng'ombe hupoteza mtaji kwa kutoielewa.

Tanzania ilihesabiwa kuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 36 mwaka 2023, na karibu wote ni wa asili. Kwa idadi hiyo tumo miongoni mwa nchi za mbele kabisa Afrika, nyuma ya Ethiopia. Mtu angetegemea nyama iwe rahisi. Lakini ng'ombe wanaouzwa na kuchinjwa kwa mwaka wamekuwa wakikadiriwa kuwa kama mmoja kwa kila kumi. Wengine wako malishoni, na si kwa uzembe wa mfugaji kama wasemavyo baadhi ya viongozi. Msukuma wa Shinyanga, Mgogo wa Dodoma au Mmasai wa Simanjiro hafugi nyama. Anafuga ada ya shule ya Januari, mahari ya kijana, na mahindi ya mwaka wa njaa. Ng'ombe anauzwa haja inapofika.

Matokeo yake soko linakwenda kinyume na vitabu. Bei ikipanda mnadani, mfugaji anayehitaji laki nane hupata fedha yake kwa kuuza mmoja badala ya wawili, na yule wa pili anarudi zizini. Ugavi unapungua wakati ambao ungetakiwa kuongezeka. Kiangazi kikikaza kati ya Agosti na Novemba anauza wengi, lakini wamekonda, na ng'ombe aliyekonda anampa mchinjaji mifupa. Masika malisho yakiwa mazuri hana haraka, na barabara nazo zimeharibika.

Kutoka mnada wa awali kijijini ng'ombe hupita mikononi mwa madalali, hadi mnada wa upili, kisha kwenye lori safari ya siku nzima au zaidi mpaka Pugu. Njiani anapungua uzito. Mnadani kwa sehemu kubwa bado wanakubaliana kwa macho na mdomo, ingawa mizani imehimizwa kwa miaka. Ng'ombe wa kilo 250 akichinjwa Vingunguti huacha nyama na mifupa ya kilo 110 hadi 125, na katika hizo lazima zirudi bei ya ng'ombe, nauli, ushuru, ujira wa wachinjaji na faida ya kila mkono. Zamani ngozi ilisaidia. Bei ya ngozi ilipoanguka duniani katika miaka ya 2010, ile fedha ya pembeni ilipotea, na nyingi zilitupwa kwa kukosa mnunuzi. Pengo hilo linalipwa na mnofu.

Wazee wa jiji watakumbuka kuwa kuliwahi kuwa na kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, kilichonunua ng'ombe na kuwatia makoponi kwa ajili ya soko la nje. Kilikufa, na leo jina lake ni la viwanja vya mikutano. Mnunuzi mkubwa wa namna ile angeweza kumzoesha mfugaji kuuza kwa ratiba.

Ninayaeleza haya kwa sababu moja. Mlaji wa mjini hawezi kumfundisha mfugaji adabu kwa kususa. Wateja wakipungua bei ikashuka, mfugaji hatapunguza ng'ombe. Atauza wengi zaidi ili afikie ada ile ile.

MAHARAGE YA SHULE

Tumeona fedha. Lakini kuna jambo ambalo fedha haliielezi. Mwajiriwa mwenye mshahara mzuri, mwenye gesi na mtumishi wa kukaa jikoni, naye haendi kwenye maharage. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel aliandika kwamba kadiri familia inavyopata kipato zaidi, sehemu ya kipato inayokwenda kwenye chakula hupungua. Alichokiona kila muuza nyama wa Sinza ni nyongeza ya kanuni hiyo: chakula chenyewe hubadilika. Kinachoachwa kwanza ni kile kilichoambatana na dhiki.

Na maharage yetu yameambatana na dhiki. Aliyesoma sekondari ya bweni amekula ugali na maharage siku tano, sita, wakati mwingine saba kwa wiki, kwa miaka minne au sita. Anayakumbuka yakielea, yakiwa na wadudu wao. Siku ya kupokea mshahara wa kwanza, hakuna anayekwenda kusherehekea kwa sahani ya maharage. Anakwenda kukaa mahali penye moshi na kuagiza kilo moja ya mbuzi, ndizi za kuchoma na kachumbari, na anawaalika wenzake waone.

Ndiyo maana nyama ina kazi ambayo maharage hayajaajiriwa kuifanya. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mgeni akija kuku anashikwa, na watoto wa nyumba hiyo wanapona kwa siku moja. Harusini anaingizwa ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa, desturi ya Wachagga ambayo sasa imekuwa ya kila kamati ya harusi mjini, Mchagga awepo au asiwepo. Jaribu kusimama katika kikao cha kamati na kupendekeza pilau bila nyama ili michango itoshe. Utaambiwa uongeze mchango wako.

Wapo walioacha, na wanafaa kuangaliwa kibiashara. Maeneo ya Kisutu na Upanga pana migahawa ya Kihindi isiyopika nyama kabisa, na imejaa mchana. Waumini wengi wa Kisabato hawali nyama au huila kwa nadra. Kwaresima wauza nyama wa mitaa yenye Wakatoliki wengi huipata habari yake kwenye droo ya fedha, hasa Ijumaa. Makundi haya yote yameacha kwa sababu ya imani, si kwa sababu ya bei. Lakini Wahindu wana kitu cha ziada. Wana jiko lililojengwa kwa karne nyingi kwa ajili ya asiyekula nyama: dengu za aina kadhaa, samli, jibini, mtindi, viungo. Anayeacha nyama Gujarat hahisi ameondolewa kitu mezani. Hata hivyo, utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa mwaka 2021 ulikuta walaji wasiokula nyama kabisa India nzima ni asilimia 39. Ikiwa India yenyewe haijafika nusu, tusiwaharakishe watu wa Manzese.

Pwani yetu nayo ina jiko lake. Mbaazi za nazi na maandazi asubuhi, kunde, kisamvu, mchicha wa nazi. Ni chakula ambacho mtu hukila kwa hamu na haoni aibu kumpa mgeni wa asubuhi. Lakini nazi imepanda bei kuliko kumbukumbu zetu, na bila nazi vitu hivyo vinarudi kuwa chakula cha shule.

WANAOONDOKA BILA KUAGA

Nilisema wateja hawaihami nyama. Kwa hesabu ya vichwa ni kweli. Kwa hesabu ya mizani, si kweli, na hapa ndipo penye habari ya kuwafanya wasomaji wa ukurasa huu wakae vizuri.

Kumbuka mteja wa elfu mbili. Kilo ilipokuwa sh. 5,000, elfu mbili zilimpa gramu 400. Ilipofika 8,000 zikampa 250. Kwa sh. 10,000 anapata 200, na kwa 12,000 atapata kama 165. Noti yake haijabadilika, saa yake ya kuja haijabadilika, muuzaji anamwona kila siku na kumwita mteja wangu. Wachumi huita hali hii unyumbufu wa mahitaji ulio sawa na moja: bei ikipanda, kiasi hupungua kwa namna inayoacha matumizi pale pale. Bucha linaona fedha ile ile na kudhani biashara imesimama. Sahani ndiyo inayojua. Vipande vitatu vimekuwa viwili, viwili vimekuwa kimoja cha baba, na watoto wanabaki na mchuzi.

Huyu ndiye mtu asiyekula nyama wa nchi yetu. Hakusoma kitabu, hakuapa, na ukimwuliza atakwambia anakula nyama.

Suala hili si dogo. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Zamani kidogo, katika utafiti wa 2015 hadi 2016, ilikuwa asilimia 34, kwa hiyo kuna maendeleo, lakini bado ni watoto watatu katika kumi. Nyama si dawa pekee ya udumavu, na mtu mzima anaweza kuishi vizuri bila kuionja. Mtoto wa mwaka mmoja anayepewa uji mtupu na mchuzi mweupe yuko katika hali nyingine. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko ya mimea, na vitamini B12 kwa asili hupatikana kwenye vyakula vya wanyama. Mzazi aliyeondoka kwenye nyama kwa kupanga anaweza kuweka yai, maziwa au dagaa mahali pake. Aliyeondolewa na bei, gramu kumi leo na kumi mwakani, hajui kwamba ameondoka. Haweki kitu.

Kwa hiyo vita ya kweli ya soko si kati ya nyama na imani ya wasiokula nyama. Ni kati ya kipande kinachosinyaa na yeyote atakayeweza kuingia kwenye sufuria ile ya sh. 3,000. Wauza dagaa wa Mwanza wameingia zamani. Wafugaji wa kuku wa kisasa, ambao ndege wao huwa tayari kwa wiki tano au sita na hawana mahari ya kungoja, wameingia kwa kuuza miguu, shingo na firigisi kwa fungu.

Maharage yanaweza kuingia pia, lakini kwa mlango wa jikoni. Mitaa mingi ya Dar es Salaam ina akina mama wanaochemsha maharage kwa sufuria kubwa na kuyauza yameiva, mnunuzi akaunge mwenyewe nyumbani. Mkaa wa sufuria moja umegawanywa kwa nyumba ishirini. Na sasa yapo majiko ya presha ya umeme, ambayo huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Bei ya jiko lenyewe bado inawashinda wengi, hata palipo na mauzo ya mkopo. Ukirudi kwenye mfano wetu na kuweka uniti moja mahali pa mkaa wa sh. 1,000, sufuria ya maharage inashuka chini ya sh. 2,000, na tofauti na robo kilo ya nyama inakuwa zaidi ya elfu moja kila jioni. Mwenye bucha anayetaka kujua mshindani wake anatoka wapi aache kuangalia duka la nafaka la jirani. Aulizie bei ya majiko hayo Kariakoo.